Mwanangu wa miaka 15 anaalikwa kuwinda swala: je, aende?

Swali: Mimi ninaishi Nakuru, lakini mume wangu ni mtu wa Bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay. Kifungua mimba wetu ametimiza miaka 15. Desemba hii babu yake na baba zake wadogo wanataka kumpeleka kuwinda swala kwa mbwa na mikuki, kama walivyopelekwa wao walipokuwa wa umri wake. Mtoto anaihesabu safari hiyo siku kwa siku, tena anauliza kama ataweza kuwinda kihalali maishani mwake. Nimesikia kwamba swala wamepungua na kwamba uwindaji umekatazwa, lakini baba mkwe anasema watachukua mmoja tu wa kitoweo, tena nje ya mbuga. Sitaki kumkosea mzee heshima, wala sitaki mwanangu aingie matatani. Nifanyeje?

Jibu: Mama, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya Desemba kufika, kwa sababu wengi huuliza baada ya mtoto kuandikwa jina kituoni. Nitaanza na jibu lenyewe: asiende kuwinda. Hata hivyo naomba safari yenyewe usiifute, kwa maana anachotaka babu kumpa mjukuu wake ni kitu cha thamani, na sehemu kubwa ya kitu hicho inaweza kutolewa bila swala yeyote kufa. Nitaeleza yote mawili, ila lazima nitangulize sheria, kwa kuwa ndiyo yenye hatari ya haraka zaidi kwa kijana.

Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na katazo hilo likaendelezwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Sheria hii haimtazami tu mwenye bunduki anayetafuta pembe. Inamtaja waziwazi mtu anayewinda kwa ajili ya chakula cha nyumbani, na ilivyoandikwa mwaka 2013 adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Anayewinda ili auze nyama, au anayekutwa tu na nyama ya mnyamapori, ana kifungu chake chenye adhabu kali zaidi, na hapo ndipo hata bibi aliyebandika sufuria jikoni anapoweza kuingizwa katika kesi ambayo hakuitafuta. Mnyama akiwa katika orodha ya wale walio hatarini kutoweka, faini huhesabiwa kwa mamilioni na kifungo kwa miaka mingi.

Hoja ya mzee kwamba watakuwa nje ya mbuga haiwasaidii. Mnyamapori hulindwa na sheria popote alipo, iwe ndani ya hifadhi, katika shamba la mahindi au kando ya barabara. Umri wa mtoto nao hautamkinga. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa jinai, na aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hajui kutofautisha jema na baya mpaka mahakama ithibitishiwe vinginevyo. Mwanao wa miaka 15 ameshapita mipaka yote miwili.

Sasa niingie katika maneno yaliyonifanya nikuandikie kwa urefu, nayo ni yale ya "mmoja tu".

Bonde la Lambwe si pori kama mapori mengine. Katika bonde hilo, chini ya mteremko wa Kanyamwa, ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 120 hivi. Ilianza kama hifadhi ndogo ya wanyama mwaka 1966 na ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, na sababu kubwa ya kuilinda ilikuwa swala korongo. Huyu ni swala mkubwa, mwenye kimo kinachokaribia cha farasi, rangi ya hudhurungi, pembe zilizopinda kuelekea nyuma, masikio marefu yenye kishada cha nywele nchani, na uso wenye mabaka meusi na meupe mfano wa kinyago. Zamani alionekana sehemu kadhaa za Kenya, Maasai Mara ikiwa mojawapo. Leo katika nchi yetu nzima amebaki Ruma peke yake. Katikati ya miaka ya 1970 korongo wa Lambwe walikadiriwa kuwa mia mbili hivi. Sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori, iliyofanywa mwaka 2021, ilipata korongo 15.

Tafadhali soma tena tarakimu hiyo. Si 15 katika kundi moja lililoonekana asubuhi fulani. Ni 15 katika Kenya nzima.

Jike la korongo hubeba mimba kwa miezi tisa hivi na kuzaa ndama mmoja. Wakati wa kuzaa ukikaribia hujitenga na wenzake, akamzalia ndama katika nyasi ndefu, kisha humwacha hapo amelala kimya kwa wiki kadhaa huku yeye akienda malishoni na kurudi kumnyonyesha. Ndama huyo hana mbio wala harufu kubwa. Kinga yake ni kutulia tu. Sasa fikiria mbwa watano au sita wanaopekua nyasi hizo mbele ya wawindaji. Mbwa hajui kwamba ametumwa kufuata taya au tohe, swala wadogo kuliko korongo, peke yake, na ndama aliyefundishwa na maumbile asikimbie hukutwa akiwa hapohapo alipolazwa. Jike akipoteza ndama mmoja, kundi lote limepoteza karibu mwaka mzima wa kazi yake, na katika kundi la 15, ambamo majike wanaozaa ni wachache kuliko hao, hasara hiyo hairudishwi haraka. Fisi na chui huchukua sehemu yao, ukame huchukua yake, na wanyama wachache namna hiyo huishia kupandana ndugu kwa ndugu, uzao ukadhoofika. Mtu anayeongeza mkono wake juu ya hayo yote huwa hachukui ziada.

Baba mkwe wako bila shaka anajua kuhesabu mifugo, kwa hiyo hesabu hii unaweza kumfikishia kwa lugha yake mwenyewe: mwenye ng'ombe 15, na wasiokuwepo wengine wa kununua sokoni, hachinji mtamba kwa ajili ya mgeni, hata mgeni huyo awe mjukuu.

Huenda mzee atajibu kwamba hawamtaki korongo, wanamtaka taya, yule swala mdogo ambaye bado anaonekana kwa urahisi Ruma na kandokando yake. Ni kweli kwamba taya wana nafuu. Lakini taya huishi wawili wawili au katika vikundi vidogo vya familia, kila kikundi katika eneo lake kisilolihama kwa wepesi, kwa hiyo kuua dume au jike katika shamba fulani mara nyingi ni kulifuta kabisa eneo hilo kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo, uwindaji wa siku moja huwa hauishii siku hiyo. Penye msako wa mbwa leo, kesho hutegwa waya. Mtego wa waya nimeuona mara nyingi kuliko nilivyotaka: waya wa breki ya baiskeli au wa ua, umekunjwa kitanzi, umening'inizwa katika njia ya wanyama usawa wa kichwa cha swala na kufungwa kwenye shina la mti. Mnyama akiingiza shingo na kuvuta, kitanzi hukaza. Akizidi kuvuta, kinazidi kukaza. Waya hauchagui, na aliyeutega mara nyingi yuko nyumbani amelala. Taya aliyekusudiwa hupita chini yake, na korongo, au mtoto wa twiga, akanaswa mahali pake.

Hapo mzee anaweza kuuliza swali gumu zaidi, na ningependa ulitarajie: kwa nini yeye akatazwe leo, ilhali wageni waliwaua wanyama hao hao kwa mamia na wakasifiwa? Usilikwepe swali hilo, kwa sababu lina haki ndani yake. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliingia nchini mwetu pamoja na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19. Wawili hao waliwinda kuanzia nyanda za Naivasha na Sotik mpaka nyanda za juu za magharibi, wakapitia Kisumu kuvuka ziwa kuelekea Uganda, na kufikia mwisho wa safari yao wanyama wakubwa waliowaua walizidi 500, wengi wao wakiwa swala wa aina mbalimbali. Baba alimfundisha mwana kuwinda katika ardhi yetu, na serikali ya kikoloni ikawakirimu. Wakati huohuo Mwafrika aliyewinda kwa mkuki ili watoto wale aliitwa mhalifu, kwa kuwa vibali vilitengenezwa kwa wenye fedha na bunduki. Mzee aliyekulia katika kumbukumbu hiyo ana sababu ya kuisikia sheria ya wanyamapori kama kofi la zamani. Ninachoweza kumwambia kwa unyoofu ni kwamba katazo la mwaka 1977 liliwafungia mlango hata wale matajiri wa vibali. Leo hakuna anayeruhusiwa kwenda Lambwe kumpiga swala kwa starehe, awe ametoka Homa Bay au ng'ambo.

Unyoofu unanidai pia niseme jambo lisilopendeza upande wetu sisi wahifadhi. Katazo hilo halikuzuia wanyama kupungua. Utafiti wa Joseph Ogutu na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016 kutokana na hesabu zilizofanywa kwa ndege kuanzia mwaka 1977, ulionyesha kwamba wanyamapori wa nyanda za malisho nchini walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Baadhi ya waliopungua zaidi ni hao hao swala: pofu, nyamera, kongoni, kuro, swala pala na swala tomi. Sehemu kubwa ya sababu zake si mzee wa kijijini na mbwa wake. Ardhi iligawanywa vipande, nyua zikakata njia za wanyama, mifugo ikaongezeka, makao na mashamba yakasogea mpaka kwenye maji, ukame ukarudi mara kwa mara, na biashara ya nyama ya porini ikakua mijini. Katika upande wetu wa magharibi mambo yamefika mbali zaidi, kwa kuwa karibu ardhi yote ni mashamba na swala wamebaki kama visiwa: Ruma; kisiwa cha Ndere karibu na Kisumu; hifadhi ndogo ya swala pala ndani ya mji wa Kisumu wenyewe; na Saiwa karibu na Kitale, kinamasi cha kilomita za mraba tatu hivi anamoishi nzohe, swala wa majini. Kisiwa kikipoteza wanyama wake, hakuna kundi jirani litakalokuja kukijaza.

Hata huko kwenu Nakuru swala wa hifadhi ya ziwa wanaishi ndani ya uzio, na wakizidi malisho wanaoamua kuwahamisha ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Miaka ya 1990 yalikuwako mashamba makubwa, yakiwemo ya Nakuru, yaliyoruhusiwa kuvuna wanyama kwa idadi iliyopangwa, lakini mpango huo ulisimamishwa mwaka 2003. Nimelitaja kwa sababu jamaa wa mume wako wanaweza kuwa wamewahi kusikia kwamba "Nakuru wanaruhusu". Hawaruhusu.

Basi, safari.

Mwindaji mzuri wa kizazi cha baba mkwe wako alijua mambo mengi kabla ya kurusha mkuki, na mimi nayaonea uchungu mambo hayo kuliko ninavyouonea mkuki, kwa maana wanaoyajua wanazeeka na hawayaandiki. Alijua kuchukua majivu kidogo mkononi, akayaachia yaanguke, akaona upepo unaelekea wapi, kisha akazunguka ili harufu yake isimtangulie. Alijua kusoma unyayo: kwato za swala aliyetembea hukaa zimefungana, za aliyekimbia hupanuka na kuchimba udongo kwa mbele, na kingo za alama ya alfajiri bado zina ncha kali ilhali za jana zimeshamomonyoka. Alijua kuvunja kinyesi kwa kijiti na kuona kama ndani bado kina unyevu. Alijua mahali wanapolala mchana na mti wanaojikunia. Mwombe mzee amfundishe mjukuu wake hayo yote, kwa siku kadhaa, vilimani na katika mashamba ya ukoo, asubuhi umande ukiwa bado haujakauka. Mbwa wabaki nyumbani.

Kisha waingie Ruma wakiwa wageni wenye tiketi. Hifadhi hiyo haisongwi na watalii, na anayefika getini mapema hupata saa nzuri za kuona wanyama. Kuna twiga, vifaru, kongoni, nyamera na tohe, na taya ni wengi. Wakitaka kutembea kwa miguu, wazungumze mapema na maafisa wa hifadhi, wasijiamulie. Kijana awe na daftari na kalamu. Kila kundi wanaloliona aandike aina, idadi, madume wangapi, majike wangapi, ndama wangapi, mahali na saa. Babu yake akae kando yake na kusema kila mahali alikuwa akiona nini zamani, na hayo nayo yaandikwe, katika ukurasa wa pili, pamoja na mwaka anaoukumbuka au tukio la karibu na mwaka huo.

Usilione zoezi hilo kuwa la kumtuliza mtoto. Kila kizazi hudhani kwamba idadi kilizozikuta utotoni ndizo za kawaida, na ndiyo maana kupungua kwa polepole hakumshtui mtu. Kijana wa Lambwe wa leo akiona taya kumi anasema swala wapo tele. Babu yake ana picha nyingine kichwani, na hakuna ndege ya sensa iliyoruka juu ya utoto wake. Anayetaka kujua korongo walikuwa wakinywa maji wapi kabla ya hesabu kuanza kuwekwa hana pa kuuliza ila kwa watu kama yeye. Nimewasikiliza wazee wengi kuhusu wanyama wa kwao, na mara nyingi mtu wa kwanza kushtushwa na maelezo yao ni mjukuu wao mwenyewe aliyeketi kando.

Kuhusu namna ya kulifikisha jambo hili, wewe ni mkaza mwana, na najua kuna maneno ambayo hayatoki kinywani mwako kuelekea kwa baba mkwe. Mweleze mumeo kwanza, mkiwa bado Nakuru, ili neno la kwanza litoke kwake. Asianze na sheria, kwa kuwa mzee akisikia "utashtakiwa" kabla ya kusikia jambo lingine lolote, atasikia dharau. Aanze kwa kumwomba: mtoto anataka kujifunza pori kwako, na korongo waliohesabiwa mwaka 2021 ni 15 tu, tunaomba awaone wangali wapo. Habari ya kituo cha polisi ije baadaye, kwa upole, kama hofu ya mzazi kwa mtoto mwenye mitihani mbele yake. Kitoweo nacho kisikosekane. Nunueni mbuzi mmoja, na mkubali kijana amchinje na kumchuna akisimamiwa na baba zake wadogo. Mkono wake utajifunza kazi ile ile, nyama italiwa mchana kweupe, na majirani wataitwa. Jamaa wakimpeleka ziwani kuvua kwa siku moja, itakuwa vema zaidi.

Nyama ya porini ina jambo moja zaidi ambalo wanawake wa nyumba hiyo wanapaswa kulijua. Swala aliyekutwa amekufa, au aliyeshikwa kwa urahisi kwa kuwa alikuwa mgonjwa, anaweza kuwa na kimeta. Ugonjwa huo uliua nyati wengi katika hifadhi ya Ziwa Nakuru mwaka 2015, na humwingia binadamu kwa kushika mzoga, kuuchuna au kula nyama yake. Mzoga usiguswe, ripoti ipelekwe kwa maafisa wa mifugo au KWS. Vivyo hivyo kijana akikuta mtego wa waya asiubebe kwenda nao nyumbani, maana anayekutwa nao mkononi atadhaniwa ndiye mwenyewe. Atazame alama za mahali ulipo na awaambie askari wa hifadhi.

Umeniambia pia kwamba anauliza kama ataweza kuwinda kihalali maishani mwake. Kwa Kenya, kwa sheria iliyopo, hapana. Tanzania wanatoa vibali vya uwindaji kwa idadi iliyopangwa, na Uganda ilirudisha uwindaji wa aina hiyo karibu na Ziwa Mburo mwaka 2001. Sipingi kila uwindaji duniani. Ninachosema ni kwamba uwindaji wowote unaostahili jina hilo hutanguliwa na hesabu ya wanyama, na hesabu ya Lambwe tumeshaiona. Akiwa mtu mzima na bado ana hamu hiyo, atakwenda huko akiwa na kibali cha nchi husika.

Na ikiwa, baada ya yote haya, baba zake wadogo watatoka na mbwa alfajiri moja bila kumsikiliza mtu, mwanao abaki nyumbani kwa bibi yake. Asishike mkuki, asiongoze mbwa, asitumwe kubeba nyama wala kuificha. Mpe maneno ya kusema mapema ili asije akaona haya mbele yao: aseme mama yake amemkataza. Watakulaumu wewe, na lawama hiyo ni nyepesi kuliko rekodi ya polisi kwa mtoto wa shule.